Waya Wenye Mshale

Nilipolipwa malimbikizo ya mshahara, mke wangu alitaja mabati ya jikoni. Mimi nikataja Nairobi. Nikamwambia nina shughuli huko, na huo haukuwa uongo: shughuli yenyewe ilikuwa Luthuli Avenue, ghorofa ya pili, katika duka lililotandikwa zulia.

Kisa ni spika zangu. Ni mbili, za mbao, nzito kama magunia ya mbolea. Aliniuzia mwalimu mwenzangu alipopata uhamisho. Miaka sita ziliimba bila kulalamika kwa waya mwembamba wa taa, masalio ya siku tulipotia stima nyumba. Balaa lilianza niliposoma mahali kwamba waya duni huikaba sauti koo. Tangu siku hiyo, kila wimbo ukawa na kikohozi.

Muuzaji hakuniuliza nina pesa ngapi. Aliniuliza kwa upole wa daktari, "Mzee, nyumbani unatumia waya gani?" Nikaona haya kuutaja ule wa taa. Akanitolea mmoja mweusi, mnene kama mpira wa kuteka maji ya ng'ombe, umesukwa kama ukili. Shaba yake, akasema, imeondolewa oksijeni, safi kwa asilimia 99.99. Kisha akanionyesha mishale midogo ubavuni. Sauti sharti ifuate mshale, itoke kwa amplifaya iende kwa spika. Ukigeuza, muziki unachoka. Shilingi 4,500 kwa mita, nami nilihitaji mita 6. Nyumbani nilisema 2,700. Sifuri moja niliiacha Nairobi.

Nisidharauliwe masikio; yana ukoo wa kale. Hapa Fort Ternan ndipo Louis Leakey, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipofukua mabaki ya Kenyapithecus, jamaa yetu wa kale aliyeishi miaka kama milioni 14 iliyopita. Kweli, walichopata zaidi ni vipande vya taya na meno. Habari za masikio yake hatunazo.

Jumamosi nikaingia nyuma ya kabati, magoti sakafuni, tochi mdomoni, miwani nimeisahau juu ya televisheni. Mishale niliikagua mara tatu. Ndani ya waya mlikuwa na nyuzi mbili, wa chanya na wa hasi, zote nyeusi. Kilichozitofautisha ni mstari wa rangi ya fedha, mwembamba kama unywele, kwenye mmojawapo. Mstari huo sikuuona. Mishale niliiona yote.

Kwa uzinduzi nilichagua "Chemirocha", wimbo wetu Wakipsigis. Hugh Tracey aliurekodi Kapkatet mwaka 1950: wasichana wanaimba kwa kinubi cha chepkong, wakimwimba Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyewafikia kwa santuri za gramafoni, na ambaye walimdhania kuwa nusu mtu, nusu paa. Jina lake ndilo hilo lililogeuka Chemirocha ndimini mwao. Mama yangu nikamkalisha katikati ya kochi. Yeye ni mzaliwa wa pande hizo za Kapkatet, na mwaka huo alikuwa kisichana cha kuchunga ndama.

Sauti ikatoka. Jamani! Ilienea ukutani, ikapanda darini, nyembamba, nyepesi, haina mahali.

"Mnaisikia hewa?" nikasema. "Mnaisikia inavyopumua?"

Mke wangu akasema anaisikia. Mke wangu ni mtu wa amani.

Mama aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia, kisha akatazama dirishani.

"Mwanangu, hawa wasichana mbona wako nje? Waambie waingie."

Nikamweleza kuwa huo ndio upana. Akasema upana si mbaya, lakini kwenye gramafoni ya mwinjilisti wao mtu alikuwa anaimba papo hapo mbele yako, nayo haikuwa na waya hata mmoja. Ilizungushwa kwa mkono.

Kijana wangu wa Kidato cha Tatu akainama kuikagua mishale. "Baba, hii ni ya nini?"

"Ni njia ya sauti."

"Lakini umeme wa spika si mkondo geu? Unaenda na kurudi, maelfu ya mara kwa sekunde. Ukirudi, unapitia wapi?"

Nikamwambia hayo ni ya Kidato cha Nne. Hakukoma. Akapiga hesabu nyuma ya daftari: ule waya wa taa, mita 3 kwenda na 3 kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.15, spika yenyewe ni omu 8. "Haufiki mbili kwa mia, Baba." (Ningejua mapema kwamba mwaka 2007 James Randi wa Marekani aliahidi dola milioni 1 kwa atakayetambua kwa sikio waya wa dola 7,250, na pesa hizo hazikuchukuliwa, ningepanda matatu ya kurudi nyumbani mikono mitupu.)

Akaingia nyuma ya kabati na taa ya simu. "Upande wa kushoto umefunga chanya penye hasi."

Kumbe spika moja ilikuwa inasukuma hewa huku mwenzake anaivuta. Na rekodi ya 1950 ni ya mono: spika zote mbili hutoa kitu kilekile, kwa hiyo zangu zilikuwa zikifutana. Besi ilikuwa imeyeyuka, na waimbaji hawana pa kusimama. Kijana akabadilisha ncha mbili.

Wasichana wakaingia. Walisimama katikati, usawa wa kochi, mbele ya mama kabisa, na kinubi kikavuma miguuni pao. Mama akaanza kupiga goti kwa kiganja.

"Hapo sasa," akasema. "Mwaka huo walikuwa wakubwa kwangu."

Ndipo mvua ya saa kumi ikatua juu ya mabati. Chemirocha akamezwa mzima. Mama akasogea, akaegemeza sikio kwenye kitambaa cha spika, kiganja hakikusimama. Kutoka jikoni kitu kikaanza kudondoka sakafuni, ta, ta, ta.

"Na hiyo, unaisikia inavyopumua?" mke wangu akaniuliza, akinipa sufuria.