Bruchi Ikae Wapi? Tunahesabu Kutoka Tisa Hadi Moja

Ukitaka kujua gauni lako la kitenge lina maisha mangapi, chukua bruchi moja, ile pini ya urembo iliyolala kisandukuni tangu harusi ya binamu yako, simama mbele ya kioo uanze kuihamisha. Ipande begani, ishuke kiunoni, irudi shingoni. Gauni lilelile litakwenda ofisini Jumatatu, kwenye kikao cha harusi Ijumaa na kanisani Jumapili, na jirani ataapa kwamba umepandishwa mshahara.

Nina msimamo mmoja na sitauficha: bruchi hupendeza inapopewa kazi. Ishike kitu, ibane kitu, ifiche kitu au iseme kitu. Ukiibandika kwa sababu tu kifua kimeonekana kitupu, inakaa kama mgeni aliyekosa kiti. Basi nimepanga mahali tisa, kuanzia penye kazi ndogo hadi penye kazi kubwa. Ukiona mpangilio haukukolea, njoo tubishane, ila kwanza funga sindano yako.

9. Mkobani

Hapa kazi yake ni kuchangamsha tu, ndiyo maana pameshika mkia. Kiondo na kikapu cha ukili huipokea vizuri kwa sababu sindano hupita kati ya misuko bila kukata kitu. Ngozi ni habari nyingine: tundu la ngozi halijifungi, utaishi nalo mpaka mkoba ufe. Bandika upande unaotazama nje, maana upande wa ndani utavuta nyuzi za gauni hatua kwa hatua. Na tafadhali, itumike ile ya bei nafuu. Ya bibi ibaki nyumbani. Ndani ya daladala konda anahesabu nauli, hahesabu urithi.

8. Kwenye kola ya koti

Hapa kila mtu anapajua, kwa hiyo tusikawie. Mazoea yanasema kushoto. Mazoea hayo yanamfaa dereva wa kwetu, anayekaa kulia na mkanda wake ukishukia bega la kulia. Abiria wa kiti cha mbele, pole: mkanda wako unapita palepale ilipo bruchi, na utafika kazini na ua lililolala chali. Ihamishie kulia, au ibandike ukishashuka. Kimo chake ni chini kidogo ya mtulinga, vidole vinne hivi. Ikishuka zaidi ya hapo, unaozungumza nao watakosa pa kuweka macho.

Akina kaka, msikimbie. Koti la suti mara nyingi lina tundu kwenye kola ambalo halina kifungo chake. Pini ndogo yenye kishina hukaa hapo bila kutoboa chochote. Moja inatosha, ukiweka tano tutakupigia saluti.

7. Kwenye mkufu

Pitisha mkufu mwembamba nyuma ya sindano, funga, umepata kidani bila kwenda kwa sonara. Geuza tu bruchi kwanza uangalie mgongo wake. Sindano ikiwa juu ya katikati, kidani kitaning'inia sawasawa. Ikiwa chini, kitapinduka na kuwasalimia wageni kwa kisogo.

6. Kwenye dera

Dera linapendwa kwa sababu linakuacha upumue. Ila kuna siku unataka dunia ikumbuke kwamba una kiuno. Kusanya kitambaa upande mmoja, juu kidogo ya nyonga, kunja mikunjo mitatu au minne inayolala kwa mwelekeo mmoja, kisha bana kwa bruchi pana. Upande mmoja tu, si katikati ya tumbo. Halafu kaa, inama, simama tena ndipo utoke nyumbani. Bruchi iliyokupendeza umesimama inaweza kukuchoma pilau likishafika, na pilau halistahili mtu anayekunja uso.

5. Tatu kwa mpigo

Wanawake wa Kimalay wana kebaya, blauzi ya mikono mirefu iliyo wazi mbele na ambayo kwa desturi haina vifungo. Kinachoifunga ni kerongsang, seti ya bruchi tatu zinazoshuka kifuani, mara nyingine zimeunganishwa kwa cheni nyembamba, ya juu ikiwa kubwa kuliko mbili za chini. Utaziona Malaysia, Indonesia na Singapore, hasa kwenye sherehe. Nawapenda wanawake hao kwa sababu walilimaliza tatizo la vifungo kabla halijaanza.

Na sisi tunaweza. Kaftani iliyo wazi mbele, blauzi ya batiki iliyopoteza vifungo viwili, hata koti jepesi la mtumba kutoka Karume au Gikomba ambalo vifungo vyake vimebaki Ulaya: zote zinasubiri pini tatu. Si lazima ziwe pacha, ila ziwe za ukoo mmoja, dhahabu na dhahabu, fedha na fedha. Anza na ile ya kati. Ikae pale kitambaa kinapopenda kufunguka. Unapajua. Shangazi zako pia wanapajua.

4. Begani

Hapa bruchi inarudi kwenye kazi yake ya asili. Kabla vifungo havijaenea, pini ndiyo iliyoshika nguo mwilini. Wanawake wa Kiamazighi wa Afrika Kaskazini waliitunza kazi hiyo kwa vizazi: nguo isiyoshonwa, iliyozungushwa mwilini, ikishikwa kwa bruchi mbili za fedha, moja kila upande wa kifua, na cheni ikiziunganisha. Mji wa Tiznit, kusini mwa Moroko, unajulikana hadi leo kwa masonara wake wa fedha.

Kwetu bega lina kikoi, lina shuka la Kimaasai, lina shali ya ofisi ambayo kiyoyozi chake hakimhurumii mtu. Tupa kitambaa bega moja, kisha sindano iingie, itoke na iingie tena, ikishika shali pamoja na nguo ya chini. Ukishika shali peke yake, umepamba shali. Itaanguka ikiwa imependeza. Ukishika zote mbili, mikono yako yote iko huru kwa chai na maandazi.

Tusimame kidogo kabla ya tatu bora, maana kuna nguo zinalia. Kitenge, jinzi na sufu huvumilia sindano, na sufu hata hufunga tundu lake baada ya muda. Satini na hariri hazisahau. Shifoni haiwezi kubeba uzito kabisa. Bruchi nzito huivuta mpaka shingo ya blauzi ielekee kitovuni. Dawa yake ni kipande cha jinzi kuukuu, kipana kidogo kuliko bruchi, ukiweke ndani ya nguo na sindano ipite kote kuwili. Uzito unagawanyika, nguo inapumua. Ikiwa shingo ni pana na bruchi ni kubwa, sindano ipitie hata mkanda wa sidiria. Kabla hujatoka, itikise: kifungio kilicholegea hukuaga sokoni bila kusema kwaheri. Itoe kabla ya kupiga pasi, itoe kabla ya kufua, na itoe kabla hujamkumbatia mtoto mchanga. Shavu lile halikuja duniani kukutana na sindano ya shangazi.

3. Kichwani

Mtandio na kilemba ndipo bruchi inapofanya kazi kutwa nzima, kwenye upepo, kwenye foleni, kwenye ngazi za ofisi. Ndiyo maana hapa nitakaa.

Kwa mtandio, tumia pini mbili zenye majukumu tofauti. Ya kwanza ni ndogo, haionekani, iko chini ya kidevu au karibu na sikio, na ndiyo inayoshika. Ya pili ni bruchi yenyewe, iko begani au juu ya sikio, na kazi yake ni kutuliza ule mkunjo wa mwisho usipeperuke. Wengi huitwika bruchi moja kazi zote mbili, ndiyo sababu saa sita mchana mtandio umeshageuka nusu na mwenyewe anaongea na watu kwa jicho moja. Shifoni ichukue bruchi nyepesi. Pamba na jezi zinaweza kubeba nzito.

Pini za sumaku zimeokoa mitandio mingi kwa sababu hazitoboi. Ninazipendekeza kwa hariri, lakini mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo azikwepe, kwani sumaku karibu na kifua si jambo la kubahatisha.

Na sasa naomba utani usimame kwa sentensi chache. Usishike pini kwa meno unapopanga mtandio. Madaktari wa nchi mbalimbali wameandika juu ya wasichana na wanawake waliovuta pini mpaka kwenye njia ya hewa, kwa sababu walicheka au kuzungumza huku wameibana mdomoni. Ichomeke kwenye kiti, kwenye pazia, kwenye mkono wa gauni, popote pasipo mdomo. Mwambie na binti yako, kisha mwambie tena.

Kilemba kina shida nyingine: fundo. Ukikifunga vizuri, fundo linakaa pazuri lenyewe. Siku ambayo vidole vimegoma na send-off inaanza saa kumi na mbili, funika fundo kwa bruchi pana na utembee kichwa juu. Iweke pembeni, juu ya nyusi ya kulia au ya kushoto. Ikiwa katikati ya paji la uso, watoto watakuuliza ufalme wako uko mkoa gani.

2. Peke yake, kwenye nguo ya rangi moja

Jiwe zuri halipendi kelele. Kitenge chenye maua, ndege na feni za rangi sita kinataka bruchi ya chuma kitupu, kubwa, isiyo na rangi. Jiwe la rangi linataka uwanja mtulivu.

Kuna jiwe la kwetu linalothibitisha hilo. Oktoba 1947, kwenye mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5. Mwenye mgodi, mwanajiolojia John Williamson kutoka Canada, alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Ilipochongwa ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wa London waliiweka katikati ya bruchi ya umbo la ua, petali na majani yake yakiwa almasi nyeupe. Malkia aliivaa kwenye harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981. Udongo wa Shinyanga, mwenzangu, ulikaa kiti cha mbele kanisani.

Sisi wa mfuko wa kawaida tuna tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967 na isiyochimbwa kwingine duniani. Ni jiwe laini kiasi, halifiki ugumu wa mchanga wa kawaida, kwa hiyo kwenye pete hugongwa na meza, sufuria na mlango wa gari. Kwenye bruchi linakaa juu, salama, likitazamwa. Ukiwa na kipande kidogo tu, kiweke hapo. Mkono wako utapata pete nyingine.

Na kama tanzanaiti nayo iko mbali, bruchi ya shanga kutoka kwa mafundi wa Kimaasai juu ya gauni jeusi inanisimamisha njiani kila mara. Nitauliza umeipata wapi. Jiandae kunipeleka.

1. Popote, ikiwa na la kusema

Mwanamke wa pwani alijua zamani kwamba nguo inaweza kufikisha ujumbe mdomo ukiwa umefungwa. Kanga zimepatanisha na kugombanisha mitaa mizima. Bruchi ina kipaji hichohicho, na bingwa wake alikuwa Madeleine Albright, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, kuanzia 1997 hadi 2001. Alipokuwa balozi kwenye Umoja wa Mataifa, magazeti ya Iraq yalimwita nyoka. Akaenda kukutana na Wairaki akiwa na bruchi ya nyoka. Kilipopatikana kinasa sauti cha Warusi ndani ya jengo la wizara yake, alikwenda kwenye mkutano uliofuata nao akiwa amevaa mdudu mkubwa, maana kwa Kiingereza mdudu na kinasa sauti cha siri huitwa kwa neno moja. Siku njema alivaa maua, vipepeo na maputo. Siku mbaya, wadudu na wanyama wakali. Nyingi hazikuwa za thamani kubwa. Mwaka 2009 zaidi ya 200 kati ya hizo ziliwekwa kwenye maonyesho New York.

Huzuni nayo ina pini yake. Februari 1952, Elizabeth alipata habari za kifo cha baba yake akiwa Kenya. Alirudi London na nguo nyeusi, na juu yake bruchi ya ua la glorioza, zawadi ya miaka 21 kutoka kwa watoto wa shule wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Ua moja la Afrika kwenye koti la msiba. Sijui hotuba gani ingetosha mahali pake.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi, chagua neno. Siku ya mahafali ya mdogo wako, vaa ndege. Siku ya kudai deni kwa upole, vaa nyuki, asali na mwiba viwe mahali pamoja. Na wakwe wakija Jumamosi, simba abaki kisandukuni. Anayekwenda mlangoni kuwapokea ni kipepeo.