Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Medicare: Bibi Anaomba Mpiga Ramli

Waheshimiwa wa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee,

Bibi aliyepatwa na kiharusi huko Marekani, mkono wa kulia bado umelala, amekabidhiwa karatasi ya majina ya vituo vya utengamao na namba za simu. Achague kabla ya kesho saa sita mchana. Kipi kizuri? Uamuzi ni wako, anajibiwa kwa tabasamu. Heshima hiyo imemliza.

Kanuni yenu ya 2019 inaitaka hospitali impe takwimu za ubora na imsaidie kuzitumia. Msaada umefika: anwani ya tovuti, imeandikwa kwa kalamu pembeni mwa karatasi.

Mjukuu akaifungua tovuti hiyo kwenye simu. Nyumba za uuguzi, ambazo nazo zimo kwenye orodha, zina nyota, moja hadi tano, tangu 2008. Hospitali za utengamao, ambako mgonjwa hufanyishwa mazoezi kama saa tatu kwa siku, hazina hata moja, zina asilimia. Maambukizi ya mpira wa mkojo: hakuna tofauti na kiwango cha taifa. Kurudishwa hospitalini: hakuna tofauti na kiwango cha taifa. Bibi anataka kujua kama ataweza kwenda msalani peke yake. Jibu limefukiwa kwenye asilimia ya waliofikia au kuvuka uwezo uliotarajiwa wa kujihudumia. Uliotarajiwa na nani?

Kwa kuwa kazi ni kubahatisha, bibi anaomba ifanywe na fundi. Kila wodi ipewe mpiga ramli mwenye leseni ya jimbo, aliyekwisha kupimwa kifua kikuu. Aje na mkeka, mchanga uliochemshwa, na ubani usioamsha king'ora cha moto. Aulize jina la mgonjwa na la mama yake, apige bao, ataje kituo. Malipo yafuate utaratibu wenu wa nyumba za uuguzi: siku 20 za kwanza bure, kuanzia ya 21 mgonjwa achangie ubani. Akikosea, aandikiwe kwamba hana tofauti na kiwango cha taifa.

Herufi za karatasi ziongezwe ukubwa. Na Kiswahili, hata ukurasa mmoja.

Ila semeni kweli: takwimu hizi mlimwandikia nani? Kwa miaka mingi nyota za nyumba za uuguzi zilitegemea pia idadi ya wauguzi waliyoitaja wenye nyumba wenyewe. Orodha za mishahara, zinazoonyesha wauguzi waliolipwa kweli, mlianza kuzitumia kutoa nyota mwaka 2018. Watu walilaza mama zao humo kwa kuziamini. Mama zao!

Samahani, sauti imepanda. Majibu yaletwe wodini kabla ya saa sita, gari limeshaitwa.