Babu Alivyojifungia Stoo

Mtoto wa kaka yangu amerithi jina la marehemu baba yetu, kwa hiyo pale nyumbani Ngamiani, Tanga, hakuna anayethubutu kumwita kwa jina. Sote twamwita Babu. Alitimiza miaka miwili Mfungo Mosi, siku chache baada ya sikukuu, na mpaka hapo hakuwa ameunganisha hata maneno mawili. Akitaka kitu alikushika kanga, akakuvuta mpaka kilipo, akakinyooshea kidole. Sauti alikuwa nayo, tena ya kutosha. Kuku alimwita "uu", kiti "ii", chai "ai". Mama, ambaye ndiye bibi yake, alikwisha kutoa hukumu: mtoto ana udata.

Kwa asiyeujua, udata ni kile kigozi chembamba kinachoushikilia ulimi kwa chini. Kwetu umesingiziwa mengi. Mtoto akichelewa kusema, la kwanza ni kumfungua mdomo na kuinua ulimi, kisha mtu mzima mmoja hutikisa kichwa na kusema, "Si mnaona? Umemfunga." Udata uliobana kweli waweza kumsumbua mtoto kunyonya, na baadaye ukamtatiza katika sauti zinazotaka ncha ya ulimi ipande juu. Lakini haumzuii mtoto kuanza kusema. Mama, baba, bibi, yote hayo huanzia midomoni. Nami nilikuwa nikimtazama Babu akila ubuyu barazani: alikuwa akiutoa ulimi wake mwekundu, akaupandisha juu ya mdomo na kulamba rangi yote iliyobaki, kona mpaka kona. Ulimi uliofungwa haufiki huko. Nilimwambia Mama hivyo, naye akanijibu, "Wewe umesoma vitabu, mimi nimelea."

Basi likaja shauri la pili. Mama mkubwa alifika kutoka Pangani na habari za mzee mmoja anayekata vimeo. Alisema amewaona watoto waliokatwa kikohozi kikapona, wengine wakanenepa, na mmoja akasema jioni ile ile. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, na kukikata kwa wembe nyumbani ni hatari, sitalizungusha neno hili. Watoto hutoka damu isiyozuilika, hupata maambukizi, na wapo waliokufa. Tena kimeo si mlango wa maneno. Hakuna mtoto anayeanza kusema kwa sababu amekatwa kimeo. Wifi yangu, mama yake Babu, ni mtu wa maneno machache mbele ya wakwe, lakini siku hiyo alimchukua mwanawe mapajani, akasema, "Mama mnisamehe, huyu hakatwi." Nilimpenda zaidi tangu siku hiyo.

Yeye mwenyewe alikuwa na kesi yake. Wifi ni Mhaya wa Bukoba, na tangu Babu azaliwe alikuwa akisema naye Kihaya: akimwogesha, akimpaka mafuta, akimlaza. Mama kwa upole wote alimwambia, "Mwanangu, mwachie mtoto lugha moja kwanza, mnamchanganya." Wifi akatii. Kumbe hapo ndipo mtoto alipopunjwa, kwa sababu Kiswahili cha wifi ni cha adabu na mikutano, na mapenzi yake yote yako katika Kihaya. Beseni la kuogea likawa kimya. Watoto wa Kagera, wa Kilimanjaro, wa Mombasa na wa nusu ya dunia hulelewa kwa lugha mbili au tatu, na hilo haliwacheleweshi. Ukitaka kuhesabu maneno ya mtoto wa namna hiyo, hesabu ya lugha zote pamoja, usihesabu ya Kiswahili peke yake.

Kaka, ambaye kazi yake ni bandarini na hurudi amechoka, alileta dawa yake. Alinunua kishikwambi, akakijaza katuni za kufundisha herufi na rangi. Asubuhi mpaka magharibi kikawa kinaimba. Babu alikitazama bila kupepesa, na nyumba nzima ikaamini kuwa anasoma. Hapa napenda kutaja jaribio moja la mwaka 2003. Mtafiti Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle, Marekani, waliwachukua watoto wa miezi 9 ambao kwao kunasemwa Kiingereza, wakawasikilizisha Kichina cha Mandarini. Baadhi walichezewa na kusomewa na mtu aliyeketi nao mkekani. Wengine waliona na kusikia yale yale kwenye televisheni. Waliokaa na mtu waliishika tofauti ya sauti za Kichina. Wa televisheni hawakupata kitu. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kioo hakimsubiri mtoto ajibu, wala hakijui kwamba "ii" ni kiti.

Yote hayo yalikuwa yanaendelea pamoja, kila mtu na dawa yake, mpaka Ijumaa ile ya stoo.

Stoo yetu iko uani, mlango wake ni wa mninga, wa zamani, mzito, na kwa ndani una komeo ambalo marehemu baba alilitia kwa sababu anazozijua mwenyewe. Humo mna magunia ya makaa, debe la mafuta ya taa, majembe, na sumu ya panya juu ya rafu. Dada wa kazi alikwenda kuchota makaa ya pilau, akaacha mlango wazi, akaitwa jikoni. Aliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Akausukuma, haukwenda. Ndipo tukasikia komeo likicheza kwa ndani, kisha kimya.

"Babu! Babu, fungua!" Kimya. Wifi alipiga mlango kwa viganja vyote viwili, akaita kwa Kiswahili, akaita kwa Kihaya. Kimya. Mama alianza kusoma huku machozi yanamtoka. Majirani wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja akiuliza mafuta ya taa yako wapi, na kila swali likimvunja wifi magoti. Mtu alitumwa kwa fundi seremala wa mtaa wa pili. Kaka hakuwepo, simu yake ilikuwa haipokewi. Pilau tayari ilikuwa inanukia kuungua na hakuna aliyeijali.

Nilizunguka nyuma, nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia kwenye kidirisha cha nondo. Babu alikuwa mzima. Ameketi juu ya gunia, mgongo amenipa mimi, amejaa weusi mpaka masikioni, anahamisha maharage kutoka kopo moja kwenda jingine, taratibu, kama mtu wa dukani. Nilipiga kelele kwamba yu mzima, nikawaomba wote wanyamaze. Wakanyamaza. Nikamwita kwa sauti ya kawaida, ile ninayomwitia kila siku: "Babu." Hakugeuka. "Babu, njoo ule ubuyu." Mtoto huyu kwa ubuyu angevuka bahari. Akaendelea kumimina maharage. Sikuwa mbali naye hata hatua tatu.

Kisha fundi alifika, akaugonga mlango kwa nyundo mara moja, kwa nguvu. Babu aliruka, akageuka, kopo likaanguka.

Nilibaki juu ya ndoo nimeshika nondo. Sote tulikuwa tukisema anasikia, kwa sababu pikipiki ya baba yake ikifika huwa wa kwanza mlangoni, na ngoma za harusi zikipita hucheza. Pikipiki na ngoma ni vishindo. Sauti ya binadamu ni kitu kingine, na ndani yake k, t, s na f ni hafifu kuliko vokali. Anayesikia nusu husikia vokali, konsonanti hizo zinampotea. Kuku, "uu". Kiti, "ii". Babu alikuwa akitusemesha siku zote, akiturudishia yale yale aliyoyapata.

Fundi alizing'oa bawaba, mlango ukatolewa, Babu akatoka na kumkumbatia bibi yake, gauni jeupe la Ijumaa likawa jeusi. Hakuna aliyemgombeza. Jumatatu tukampeleka hospitali, mimi, wifi na Mama, aliyekataa kubaki.

Daktari hakuanza na ulimi. Alianza kwa kuuliza. Alipokuwa na miezi miwili, alikuwa akitoa sauti za furaha akichekewa? Alikuwa akitoa. Kati ya miezi sita na tisa alikuwa akisema ba-ba-ba, da-da-da? Sana. Alipofikisha mwaka alikuwa na neno? Wifi akasema alikuwa na "mama" na "nyonyo", na mikono akipunga kwaheri. Baada ya hapo? Hapo wifi akafikiri. Baada ya hapo ikaja masika, mafua yasiyoisha, usiku wa kulia akijivuta sikio, homa. Na yale maneno mawili yakafifia. Daktari alimulika masikio kwa kile chombo chenye taa, kisha akatumia mashine ndogo inayosukuma hewa sikioni kuona kama ngoma inatikisika. Hazikutikisika, zote mbili. Nyuma yake kulikuwa na majimaji mazito yaliyobaki baada ya mafua.

Alitueleza kwamba hali hiyo ni ya kawaida mno kwa watoto wadogo, na kwamba mara nyingi majimaji hayo huondoka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Yakigoma, hutiwa kijirija kidogo sana kwenye ngoma ya sikio ili hewa iingie. Uziwi wa kudumu ni jambo jingine. Kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hadi watatu huwa nao. Hata hao siku hizi wana njia: lugha ya alama, vifaa vya kusikia, na tangu 2017 Muhimbili hupandikiza kifaa cha kusikia ndani ya sikio, kazi ambayo zamani ilimlazimu mtu kupelekwa India. Lakini kila mwezi unaopita bila kujua ni mwezi mtoto anaokosa lugha. Masikio huanza kazi mapema kuliko tunavyodhani. Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha mwaka 1980 kuwa mtoto mwenye siku chache tu duniani huichagua sauti ya mama yake mbele ya sauti ya mwanamke mwingine, na sauti hiyo aliizoea tangu tumboni.

Mama aliuliza swali moja tu: "Na udata?" Daktari akauinua ulimi wa Babu, akamwonyesha. Ulikuwa salama.

Tuliporudi nyumbani, mengi yalibadilika bila mkutano. Kishikwambi kilipanda juu ya kabati. Redio ilizimwa wakati wa kula. Tulijifunza kuchuchumaa mbele ya Babu, uso kwa uso, kusema neno moja wazi, kisha kusubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Mtu mzima hapendi kimya, hujaza yeye. Na beseni la kuogea likarudi kwenye Kihaya, kwa amri ya Mama mwenyewe, ambaye alisimama mlangoni akasema, "Msemeshe mwanao kama ulivyosemeshwa na mama yako."

Tulirudi hospitali kama tulivyoambiwa. Sikio moja lilikuwa limekauka, la pili likafuata baadaye, kijirija hakikuhitajika. Asubuhi moja jogoo wa jirani aliruka ukuta akaingia uani. Babu akanyoosha kidole, akasema, "Kuku." Na k zote mbili. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akaacha, akamtazama, akasema, "Rudia, baba." Akarudia.

Baada ya hapo maneno yalikuja kwa fujo. "Taka chai." "Meanguka." "Bibi kuja." Mama akaanza kumsahihisha kila sentensi: sema nataka, sema imeanguka. Nilimsihi amwache. Kamil Ud Deen aliwasikiliza watoto wadogo wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, akachapisha kitabu mwaka 2005, na ndivyo walivyosema nao: mzizi wa kitenzi upo, viambishi vya mbele vinadondoka, kisha vinarudi kimoja kimoja. Mtoto akisema "taka chai", mjibu, "Unataka chai? Haya, chai hii." Amesikia sentensi nzima na hajaaibishwa. Leo Babu anakaribia kuanza chekechea, anasema "Lamadhani" na "ndege analuka", na hiyo r wala hainitii wasiwasi, kwa kuwa ni katika sauti zinazochelewa kwa watoto wengi.

Watoto hutofautiana, na mmoja kumtangulia mwenzake kwa miezi kadhaa si ugonjwa. Lakini mtoto wa mwaka mmoja asiyebwabwaja wala kuonyesha kwa kidole, wa mwaka na nusu asiye na neno hata moja, wa miaka miwili asiyeunganisha mawili, na wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, huyo asingoje. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unaweza kuzuiwa. Mkatalieni mwenye wembe, awe mzee wa heshima kiasi gani. Chukueni kadi ya kliniki, mwende, mwombe kwa maneno haya haya: mtoto apimwe masikio yote mawili. Na wakiwaambia msubiri, waulizeni msubiri hadi tarehe gani, iandikwe kwenye kadi, na siku hiyo mrudi.