Mjomba Turufu Akujibu: Poka za Desemba

Kila mwaka, Jamhuri Dei ikishapita, barua za mapenzi hupungua mezani pangu na za karata hufurika. Kumbi za poka za Nairobi na Mombasa zimebandika mabango ya sikukuu: shindano la Krismasi, kapu la bure, zawadi ya mkono bora wa usiku. Wasomaji wangu wameyaona wakatoka mbio. Leo nawajibu waliorudi.

Shikamoo mjomba. Mimi ni bingwa wa poka tangu shule ya msingi, na hapa plotini hakuna anayeniweza. Nililipa 5,000 nikaingia shindano la Krismasi. Nilipopewa karata mbili nikauliza zingine ziko wapi, watu wakacheka. Nikatupa malkia mezani nikasema "swali!" Mgawaji akazoa karata zangu akaniambia nimejitoa. Baadaye nikatangaza "niko kadi!" na bawabu akaja kusimama nyuma yangu. Je, nilionewa?
*Bingwa wa Ploti, Umoja*

Hukuonewa hata kidogo. Poka uliyokulia, ile ya mbili na tatu za kuokotesha, jeki ya kuruka, malkia na nane za kuuliza, mshindi wake ni anayemaliza karata mkononi. Wanayocheza kasino ni Texas Hold'em, na huko hakuna kumaliza karata. Kinachomalizika ni pesa. Kila mtu hupewa karata mbili za siri. Kisha mgawaji hufunua tano mezani: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu nyingine. Katika hizo saba unachagua tano zilizo bora kuliko za wenzako. Kabla na baada ya kila ufunuzi mnaweka dau. Ama unaongeza, ama unafuata, ama unatupa. Wewe uliuliza swali, mgawaji akaelewa umetupa.

Jambo jingine: watu wawili walio kushoto kwa anayehesabiwa kuwa mgawaji wa mkono huo hulazimika kuweka dau kabla hawajaona karata, na katika shindano dau hilo hupandishwa kila baada ya dakika kadhaa, tuseme 15 au 20. Hufanywa hivyo ili wenye subira wasikae pale hadi Mwaka Mpya. Ukingoja mkono mzuri sana, dau litakumaliza ukingoja. Ree mbili humjia mtu kwa wastani mara moja katika mikono 221.

Nimekupenda kwa kutangaza, lakini. Wenzako wakibahatika hununa.

Mjomba, mume wangu ameleta kapu la Krismasi kutoka ukumbi wa karata: mchele, mafuta ya kupikia, majani chai na chupa ya mvinyo. Anasema ni la bure. Nimshukuru ama nimnunie?
*Mama Kapu, Kasarani*

Mama, kwenye poka mwenye ukumbi hashindani na mteja. Wateja hunyang'anyana wenyewe, naye hukata chake katika kila chungu kinachokusanywa katikati ya meza. Tuseme anakata shilingi 100, na meza inacheza mikono 30 kwa saa. Hizo ni 3,000 kila saa kutoka meza moja, iwe mumeo ameshinda au ameliwa. Mara nyingi hukatwa kitu kingine kidogo cha kuchangia mfuko wa zawadi. Kwa hivyo kapu hilo wamelinunua wachezaji, na mumeo ni mmoja wao.

Sasa tazama masharti, yale ya maandishi madogo chini ya bango. Tiketi za bahati nasibu ya kapu hutolewa kwa saa ulizokaa mezani. Droo ni usiku wa manane, na jina lako likiitwa nawe hupo, huitwa la mwingine. Ndiyo maana mumeo alikuwa "kwenye mkutano wa chama" mpaka saa saba. Muulize swali moja tu: alikaa saa ngapi? Akishajibu, pika wali. Mchele hauna kosa.

Shikamoo. Nimeshinda mjomba! Shindano lilikuwa na dhamana ya laki tano, kiingilio 5,000, na ukiishiwa ndani ya saa mbili za kwanza unaruhusiwa kununua tena. Nilinunua jumla ya mara sita, nikamaliza wa tisa, nikapewa 18,000. Nafikiria kuacha kazi ya uhasibu. Chris Moneymaker naye alikuwa mhasibu.
*Milionea Mtarajiwa, Ruaka*

Mhasibu, mara sita kwa 5,000 ni 30,000. Umepokea 18,000. Waajiri wako wasisome ukurasa huu.

Dhamana ya laki tano maana yake ni kwamba viingilio visipofika hapo, ukumbi utajazia. Kununua tena kuliwekwa ili visikose kufika. Watu ishirini wa aina yako ni laki sita, na mwenye ukumbi hajagusa mfuko wake. Tena, sehemu ya kila kiingilio kwa kawaida ni ada yake, haiingii kwenye zawadi.

Moneymaker ni kweli. Mwaka 2003 aliingia kupitia shindano dogo la intaneti la dola 86, akaibuka bingwa wa dunia kule Las Vegas na kupewa dola milioni 2.5. Washiriki walikuwa 839, wakalipwa 63. Waliobaki 776 waliondoka mikono mitupu, na hakuna mtu anayeniandikia akitaja jina la hata mmoja wao. Rudi ofisini Jumatatu, mapema.

Mjomba, nilikuwa na ree mbili. Jamaa akafuata dau langu lote kwa saba na mbili, zisizo hata za rangi moja, akanishinda! Ukumbi una zawadi ya mwenye mkosi. Nimedai, wamekataa.
*Nimekosa Usingizi, Nyali*

Zawadi hiyo mara nyingi humtaka aliyeshindwa awe na mkono mzito sana, kama karata nne zenye namba ileile. Jozi, hata ya ree, ni huzuni ya kawaida. Katika hali yako ungeshinda takriban mara saba kati ya nane. Ulikutana na ile ya nane. Huyo jamaa usimtukane. Mwombe akae meza yako kila siku.

Mimi niko Kidato cha Tatu. Naweza kujiandikisha kwa kitambulisho cha kaka?
*Kijana Jasiri, Thika*

Hapana. Chini ya miaka 18 hakuna mlango, na kaka yako nimeshamwonea huruma.

Mjomba, nimebakiwa na nauli ya kwenda ushago peke yake, na kesho ni shindano la mwisho la mwaka. Unipe neno moja.
*Njia Panda, Kawangware*

Panda.

Nauli za Krismasi huongezeka kila saa, na karo ya muhula wa kwanza haikubali chipu za kasino. Ukifika nyumbani, cheza kadi na shangazi zako kwa njugu.

Wasomaji, safu hii inapumzika hadi Njaanuary. Barua zenu nitazisoma zote, isipokuwa zinazoanza na "Mjomba, nikopeshe".