Kifungua Kinywa cha Wenye Mabuti

Ukiwasikiliza wanaoteleza kwenye theluji utadhani kazi iko kule mlimani. Si kweli. Mlimani mtu anashushwa na mteremko, atake asitake. Kazi ni kunywa chai. Kubeba sinia lenye kikombe cha moto, mayai na mkate, ukavuka sakafu ya vigae iliyolowa theluji ya wenzako, huku miguu yote miwili imefungiwa ndani ya plastiki isiyokunjika, hilo linataka mafunzo, na sijasikia mwalimu yeyote anayeyatoa.

Nazungumzia Zermatt, Uswisi. Shemeji yangu, Mswisi aliyefanya kazi Moshi hadi Kiswahili chake kikanukia soko la Mbuyuni, aliona ni aibu mtu wa Kibosho arudi nyumbani bila kukanyaga theluji. Mimi theluji ya Kibo nimeitazama tangu utotoni kutokea migombani, na haijawahi kunidai chochote. Lakini mwenyeji wako akishakulipia kiingilio, unasema nini? Akatupakia, mimi na dada, kwenye treni ya Gornergrat, ile yenye gurudumu la meno inayopanda kule tangu 1898. Tukashushwa kwenye mita 3,089, tumevalishwa tayari, na njaa juu.

"Shemeji, kula sana," akaniambia mlangoni mwa mgahawa. "Huku hakuna vitumbua."

Buti la kutelezea limeundwa likulazimishe kuinama mbele daima, kama mtu anayemsalimia baba mkwe. Ukijaribu kusimama wima, linakusukuma urudi kwenye heshima. Kutembea ni kutanguliza kisigino, kisha kuanguka kidogo mbele, kisha kujiokoa. Watu sitini wakifanya hivyo kwa pamoja kuelekea kwenye jibini, kishindo chake hata uji utatikisika bakulini.

Nikajikokota hadi kwenye mayai. Pale mgeni anajichemshia mwenyewe: kuna sufuria ya umeme yenye maji yanayotokota, na vikapu vidogo vya waya vyenye namba, unatumbukiza yai lako na kusubiri. Kibao kilisema dakika nne. Nikasubiri dakika nne, na nyongeza kidogo ya kiungwana. Nilipoligonga, yai lote likanimiminikia mkononi na kuingia ndani ya mkono wa koti, ambao nao ulikuwa na tabaka tatu, kila moja likapata haki yake.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba mdogo, aliyewapikia wapanda mlima njia ya Marangu. Alikuwa akituambia maharage hayaivi kule Kibo hata ukeshe nayo, nasi tukidhani anautetea uvivu wake. Kumbe baba wa watu alisema kweli. Ukipanda juu, uzito wa hewa unapungua na maji yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa. Pale Gornergrat ni kwenye nyuzi 90 hivi. Yanatokota kwa mbwembwe, lakini nguvu hayana. Ndiyo maana na chai yangu ilitoka na rangi ya maji yaliyooshea vikombe. Kile kibao cha dakika nne bila shaka kiliandikwa na mtu wa bondeni.

Shemeji hakujali. Alikuwa dirishani akinionyesha Matterhorn, imesimama peke yake, mita 4,478, na sauti yake imeanza kulegea kwa mapenzi. Nikamwambia, kwa nia njema tu, kwamba Kibo Hut, pale wagumu wanapokorogea wageni uji, ni zaidi ya mita 4,700. Dada akanikanyaga chini ya meza. Kwa kuwa sote tulikuwa na mabuti, hakuna aliyeumia. Ulisikika tu mlio wa ndoo mbili zikigongana.

Basi tukala. Na hapo lazima niwape Waswisi haki yao. Rösti ni viazi vilivyokwaruzwa, vikakaangwa kwa siagi mpaka vikafanya ukoko wa kahawia, na juu yake yai la kukaanga (lililoiva, nashukuru). Zamani kilikuwa kifungua kinywa cha wakulima wa Bern, watu waliokuwa na shamba la kulima baada ya kunawa mikono. Pembeni kuna müesli, na huyo ametoka upande mwingine kabisa: daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zürich aliwapa wagonjwa wake, miaka ya 1900 hivi, oti zilizorowekwa, tufaha lililokwaruzwa na ganda lake, limau na maziwa mazito ya kopo. Kwa hiyo meza moja ina chakula cha mwenye nguvu na chakula cha asiye nazo. Sisi tuliokuzwa na mtori, ambao mzazi anapewa kitandani na mwenye duka anaunywa kabla ya kufungua, jambo hilo halitushangazi. Nilikula vya mkulima, nikala na vya mgonjwa.

Wenyeji wanapoketi hufungua vifungo vyote vinne vya buti, mguu upumue. Nami nikafungua. Hakuna aliyenieleza kwamba vifungo hivyo viko chini, na baada ya rösti mtu hana tena njia ya kufika chini. Nilijaribu nikiwa nimekaa, nikajaribu kwa kuegemea ukuta. Mwishowe shemeji akapiga goti pale kwenye baraza, mbele ya kundi la watoto wa miaka minne waliokuwa wakipita wima kama mishumaa, akabana vitatu. Cha nne kikakataa.

"Kifungo kimoja si neno," akasema, akifuta jasho. "Tunashuka polepole. Chakula cha mchana ni kule chini, tutakula raclette."

Nikamuuliza wanaanza kupakua saa ngapi.