Ndugu Mwandishi, Umealikwa: Tahadhari Kabla ya Kukutana na Wasomaji Wako

Mwaliko utasema saa nane kamili mchana. Ukifika saa nane kamili utamkuta mlinzi, pamoja na kijana aliyetumwa kupanga viti, ambaye atakuomba umshikie meza upande wa pili. Mshikie. Saa nane na nusu fundi mitambo ataingia na kuanza "moja mbili, moja mbili" mpaka kipaza sauti kigome kabisa. Wasomaji wataanza kumiminika saa tisa, wachangamfu, na kila mmoja atakuuliza kama amechelewa. Sema hapana. Wewe ni mtunzi, kazi hiyo unaiweza.

Maelekezo haya ni ya mwandishi anayekwenda kwa mara ya kwanza kukaa na kikundi cha wasomaji, iwe kwenye mkahawa wa vitabu Dar es Salaam, kwenye ukumbi wa maktaba Nairobi, au barazani Unguja. Nawalenga hasa wale wanaodhani wameitwa kwenda kukieleza kitabu chao. Ndugu yangu, kitabu kikishatoka kiwandani kimeshaolewa. Unakwenda pale kama mkwe: utaheshimiwa, utapewa kiti kizuri, lakini samani za nyumba huzipangi wewe.

Kutakuwa na meza kuu. Mshereheshaji atasema itifaki imezingatiwa, kisha ataizingatia upya, jina kwa jina, kwa dakika ishirini. Wasifu wako utasomwa kutoka kwenye simu na utagundua kwamba ulizaliwa mkoa mwingine. Usisahihishe, kwa sababu watu wa mkoa huo tayari wameshapiga makofi. Mgeni rasmi atahutubia juu ya umuhimu wa kusoma vitabu kwa ujumla, akikwepa kwa ustadi kitabu chochote mahususi, chako kikiwemo. Atakabidhiwa nakala, atainyanyua juu kwa ajili ya picha, kisha ataondoka nayo kwenda kwenye majukumu mengine. Hiyo nakala ihesabu kuwa imekwenda.

Ukiombwa usome kipande, soma kifupi, chenye watu wawili wanaobishana. Usisome ukurasa wa mahaba. Uliuandika usiku, peke yako, mlango umefungwa. Sasa ni mchana kweupe na safu ya mbele amekaa mama yako mdogo na kilemba chake cha harusini, amekuja kumuunga mkono mwanawe.

Halafu yanakuja maswali, na hapo ndipo watu huangamia.

Mkono wa kwanza kunyooka huwa wa mtu anayesema, "Mimi sina swali, nina mchango." Kunywa maji. Mchango utapitia maadili ya vijana, athari za simu, na enzi ambazo watu walikuwa wanasoma. Mara nyingi ni mstaafu, naye kasoma kuliko wote mliomo humo ndani. Atakusimulia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya 1965, Willy Gamba wa Elvis Musiba na mapigo yake yote. Macho yatamng'aa kama hayakung'aa ulipokuwa unasoma wewe. Mwishoni atakutazama kwa huruma na kusema siku hizi waandishi hawapo. Usinune. Jambo moja amelisema sawasawa: wale wapelelezi walisomwa na watu ambao hawakulazimishwa na mtihani wowote. Isitoshe, wakati wa mauzo huyu ndiye atakayenunua nakala tatu bila kuomba kupunguziwa, moja yake na mbili za wajukuu ambao hawatazifungua.

Wa pili ni mwalimu wa Kiswahili, na kwake inabidi nitulie kidogo.

Mwalimu hakuja kuuliza kama kitabu kinapendeza. Amekuja na daftari. Anataka dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, na anataka vijitokeze kwa mpangilio huo. Akiwa Mkenya ataongeza ufaafu wa anwani. Ukumbini watakuwamo pia watu wazima, wengine na vyeo vyao, ambao riwaya ya mwisho waliisoma kidato cha nne. Ilikuwa Takadini, au Watoto wa Mama N'tilie, au Joka la Mdimu, na kwa kuwa walifundishwa kwamba riwaya ni chombo cha kufikishia ujumbe kwa jamii, watakusubiri uufikishe. Ukisema huna ujumbe watadhani umeusahau nyumbani.

Kishawishi kikubwa hapa ni kusema ukweli. Utatamani kuwaambia kwamba ile mvua ya sura ya saba ilinyesha kwa sababu ulishindwa kuwatoa watu msibani, ukaona wakilowa wataondoka wenyewe. Usithubutu. Mwalimu ameshaandika kwamba mvua ni ishara ya matumaini mapya, wanafunzi mia mbili wamekariri hivyo, na kuna uwezekano wa kweli kwamba yeye ndiye amepatia. Mwandishi huwa wa mwisho kujua alichokifanya. Badala yake sema, "Mwalimu, wewe umeonaje?" Atakujibu kwa hoja nne zenye vipengele. Tikisa kichwa polepole kila anapotua, kisha sema amekufungua macho. Kitabu chako kitafundishwa.

Kama kitabu kimeingia kwenye mtaala, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa sasa kina miongozo. Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora, kilipokuwa kikitahiniwa kwenye mtihani wa KCSE wa Kenya, kilizungukwa na miongozo pande zote, na wako watahiniwa waliojua mwongozo kwa moyo bila kuijua riwaya. Mwanafunzi wa Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi, atakusomea sentensi yako mwenyewe na kukutaka ueleze muktadha wa dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Alama nne. Ukijibu kwa hisia, kama waandishi wanavyopenda kujibu, utapata mbili, tena kwa kuonewa huruma.

Lawama siwapi walimu. Mtihani unataka jibu linaloweza kusahihishwa na mtu mwenye marundo ya karatasi mbele yake. Tatizo linaanza pale msomaji anapoamini kwamba jibu hilo moja liko mfukoni mwa mwandishi, na mwandishi naye, kwa kusifiwa kidogo, anaingiza mkono mfukoni. Euphrase Kezilahabi alituachia Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, na mpaka leo ukizitaja mbele ya watu watatu waliozisoma utapata ugomvi wa aina nne. Fikiria kama angesimama mahali akazieleza zikaisha. Rosa Mistika yake, ya 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na sijui kama kuna mjadala wowote wa waandishi uliowahi kufanya vijana watafute kitabu kwa bidii ile.

Kama ulichoandika ni mashairi, soma macho ya wazee kabla hujasoma shairi lenyewe. Ukianza tu, utaona vidole vikihesabu chini ya meza: nane, kituo, nane. Vidole vikikwama, umekwisha. Ugomvi wa vina na mizani uliwaka Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, na yupo ukumbini mzee ambaye zamu yake ya kuchangia haijafika hadi leo.

Barazani Unguja mambo ni mengine kabisa. Hakuna meza kuu, hakuna itifaki, kahawa inapita, na hakuna anayekuuliza dhamira. Wanakuuliza maneno. Atatokea mtu ambaye hakunyanyua jicho kwenye bao tangu ulipofika na kusema lile neno la ukurasa wa tisa halitumiki vile, kisha atalitumia sawasawa mara tatu, kila mara kwa utamu zaidi, huku kete zinakwenda. Kama una akili utalipa kahawa ya watu wote na kuandika.

Tangu Abdulrazak Gurnah apewe Nobel ya fasihi mwaka 2021, kuna swali ambalo hulikwepi kokote: na wewe lini? Anayeliuliza hana ubaya, anakutakia mema tu, kama anavyomtakia ndoa kila binti anayekutana naye. Jibu la "yule anaandika Kiingereza" halitakusaidia, kwa sababu mwenzake ataruka kusema kwamba riwaya yake ya Paradise imeshatafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikawa Peponi, tena Kiswahili kitamu kweli, na hapo mazungumzo yatahamia Peponi na hayatarudi kwako. Yaache yaende. Ni kitabu kizuri.

Swali la fedha litavaa nguo ya heshima: "Mwandishi wetu, mbali na uandishi unajishughulisha na nini?" Fanya hesabu kwa sauti. Kitabu kikiuzwa shilingi 15,000 za Tanzania na mrabaha ukiwa asilimia 10, unapata 1,500, ambayo haikutoshi chipsi mayai. Ukumbi utacheka, na huo utakuwa wakati mzuri wa kutaja kwamba vitabu vinauzwa pale mlangoni. Watu waliocheka sana ndio watakaoomba bei ya kirafiki.

Kuhusu ndugu, sina tiba, nina onyo tu. Watakuja, na kila mmoja anajitafuta humo. Ukisema wahusika wote ni wa kubuni wanaona umewatenga, na ukikiri kwamba umemchukua mtu fulani, kesi itafika kwenye kikao cha ukoo. Binamu ambaye hukumfikiria hata siku moja atatangaza kwa fahari kwamba shujaa ni yeye. Shangazi uliyemchukua mzimamzima, sauti yake, mkoba wake, deni lake la dukani, atacheka kuliko wote na kukuuliza umemtoa wapi yule mwanamke mbaya vile. Mpe kiti cha karibu na feni.

Sasa sikiliza vizuri, maana lililo mbele hulitarajii. Saa kumi na mbili inakaribia, mshereheshaji ameshasema la mwisho kabisa mara mbili, na nyuma karibu na mlango mkono utanyooka nusu. Binti, pengine mwanafunzi, pengine muuza duka, hakusema neno mchana kutwa. Atauliza: yule dada wa kazi wa sura ya tatu, aliyetumwa dukani kununua chumvi, alirudi?

Hukumrudisha. Hujui aliko. Umepitia mswada mara nyingi, mhariri naye ameupitia, na mtoto wa watu yuko njiani na noti mkononi tangu kitabu kichapwe. Ulimi utataka kukimbilia kauli maarufu kwamba umeacha makusudi ili msomaji afikiri. Usiitumie. Huyu kashafikiri, ndiyo maana anauliza. Meza kuu imesoma jalada, mwalimu amesoma alichokihitaji, ndugu wamesoma majina; huyu alisoma kitabu, na aliposoma alibaki amesimama mlangoni akimsubiri mtu uliyemtoa nje kwa sababu ulihitaji chumba kibaki na watu wawili. Mwambie hujui. Muulize yeye anadhani alikwenda wapi, na akianza kueleza, mshereheshaji akikukonyeza kuhusu muda, jifanye hukuona. Nakala yake isaini kwanza.

Kwenye kusaini kuna mitego midogo. Uliza kila jina linavyoandikwa, hata jina rahisi. Ukiletewa nakala ya fotokopi iliyobanwa kwa pini, saini. Mwenye nayo ametumia hela na amesoma mpaka kingo zimekunjika. Atakayekukabidhi mswada wake wa kurasa mia nne "uupitie kidogo tu" ana namba yako ya simu tayari, hakuna anayejua kaipata wapi. Sambusa zitakuwa zimepoa. Kula tu, nauli yako iko kwenye bahasha ya katibu, na katibu ameshatoka kumsindikiza mgeni rasmi.

Kabla hujafika nyumbani utakuwa umeunganishwa kwenye kundi lao la WhatsApp na kupewa cheo cha mlezi. Baada ya salamu, picha za pamoja na mawaridi, mwanachama mmoja ataweka PDF ya kitabu chako, kizima, yenye ujumbe: "Ndugu zangu, tupakue kwa wingi, tumuunge mkono mwandishi wetu." Utapigiwa makofi ya vidole na watu arobaini. Usijitoe kwa hasira, utakosa bahasha. Ipakue na wewe, uangalie kama kurasa zote zimo.