Tambi Nyekundu za Mbagala

Fundi wa mtaani kwetu Mbagala ana tyubu ya silikoni nyekundu anayoipenda kuliko spana zake zote. Taa ya nyuma ikiingiza maji ya mvua, silikoni. Rejeta ikitoa jasho, silikoni. Hata kandambili yake ya kushoto, mkanda umeshikiliwa na silikoni, na kusema kweli haijakatika hadi leo.

Kwa hiyo gari langu, IST, lilipoanza kudondosha oili kwenye bomba la moshi na kufuka kila nikisimama kwenye foleni ya Mtoni kwa Azizi Ali, jibu lake nililijua kabla hajafungua boneti.

"Gasketi ya kava la tapeti hiyo, bosi."

Akafungua kava, akachomoa gasketi ya mpira. Joto la miaka lilikuwa limeikausha, ukiikunja inalia. Mpya zimejaa Kariakoo, na si ghali, lakini Kariakoo ni nauli na nusu siku, silikoni iko mfukoni. "Tunaipiga hii, haivuji tena mpaka unaliuza." Akaikamua kuzunguka kava lote, unene wa kidole, juu ya oili ya zamani iliyokuwa bado inang'aa, maana kitambaa kilikuwa na kazi ya kufuta jasho. Akakaza bolti mpaka sura ikambadilika, akaniambia niwashe.

Silikoni ilikuwa imemwagika nje pande zote. Kwa mteja wa Dar hiyo ndiyo risiti: ukiiona, umeiona hela yako. Shemeji yangu, aliyekaa kiti cha mbele, aliuliza njia nzima nani kabeba achari. Silikoni ya bei nafuu ikianza kukauka hunuka siki.

Iliyomwagika nje haina neno. Shida ni kwamba kinachobanwa nje hubanwa na ndani vilevile, na huko ndani oili ya moto inazunguka. Vipande vikakatika kidogo kidogo, vikasombwa hadi kwenye sampu, ambako pampu ya oili hunyonyea kupitia chujio dogo. Ndipo siku moja, Barabara ya Kilwa, katikati ya foleni, taa nyekundu ya oili ikawaka. Kondakta wa daladala la pembeni akatoa kichwa dirishani: "Bosi zima, injini inalia hiyo!" Ushauri wa bure, na ulikuwa sahihi kuliko niliokwisha kuulipia.

Gari likavutwa kwa kamba hadi Tandika, kwa fundi mmoja mtu mzima. Akashusha sampu, akaanza kuchomoa vipande vyekundu kwenye chujio kwa koleo, kimoja kimoja, akivipanga kwenye kifuniko cha ndoo. Akaviangalia sana.

"Mwanangu," akauliza, "nani kapika tambi humu?"

Mzee huyu silikoni haichukii. Injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye IST nyingi, sampu yake hufungwa kwa gundi tupu ya silikoni tangu kiwandani, haina gasketi. Kava la tapeti ndilo lenye gasketi ya mpira, na hapo gundi huwekwa vitone viwili tu kwa mbele, pale kava la cheni linapokutana na hedi. Gasketi ya hedi yenyewe, silikoni isiisogelee: ile inataka hedi iliyonyooka, na bolti zinazokazwa kwa awamu kuanzia katikati kwenda pembeni.

Kilichomchukua muda ni kusafisha. Alikwangua gundi ya zamani kwa kipande cha plastiki, kwa sababu bisibisi hukwaruza alumini, na mkwaruzo wa leo ndio mfereji wa oili wa kesho. Akafuta mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Mstari wake wa gundi ulikuwa wa milimita 3 hivi, ukipita upande wa ndani wa kila tundu la bolti. Akafunga sampu, kisha akafunga na boksi la spana.

"Njoo kesho."

Nikamwambia nina msiba Bunju, jambo ambalo lilikuwa kweli. Akasema marehemu hana haraka, na Bunju daladala zinakwenda. Silikoni hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na unyevu Dar tunao wa kugawa, lakini huanzia nje kwenda ndani: juu imeshika, katikati bado mbichi. Yeye hatii oili kabla ya saa 24 kupita, hata aje waziri.

Gasketi mpya ya kava niliyonunua safari hii, bei yake haikufika hata ya kuvutwa kwa kamba. Fundi wa Mbagala nilipomsimulia, alisikitika sana, akasema silikoni ile ilikuwa feki.

Ndugu msomaji, ukiona tyubu nzima inakamuliwa kwenye injini yako, mwambie fundi aifute yote aanze upya. Akikwambia uwashe hapo hapo, chomoa ufunguo, tia mfukoni, panda daladala.